Ukili wa Rehema Niliougeuza

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natafuta pa kuweka uso. Usinione nimetulia hivi na tasbihi yangu. Nilikuwa na kijicho, kijicho hasa, na niliyemwonea ni Rehema, mtoto wa mama yangu mdogo.

Biashara ilikuwa imefunguka, daraja la Ndundu kwenye Mto Rufiji limeshapitika, na kina mama wasuka mikeka wa Kibiti wakataka tovuti ili wanunuzi wa mbali waione kazi yao. Tukapewa sisi wawili. Rehema akatengeneza kurasa: rangi, picha, mpangilio. Mimi nikashika seva, yaani kompyuta inayopokea ombi la mtazamaji na kumpelekea ukurasa. Nilitumia kiunzi cha programu ambacho hakitoi faili hata moja mpaka ukielekeze kwa mstari mmoja: folda hii, ifungue.

Miezi miwili nilihangaika nayo. Lakini kila aliyeingia ofisini alisema Rehema ana mikono ya ufundi. Mimi hakuna aliyeniuliza hata kama nimekula. Iliniuma. Hata kurasa zake sikuzifungua zote, maana kuziona zilivyopendeza kulinichoma.

Asubuhi ya kumwonyesha mnunuzi kutoka Dar es Salaam, nikaufuta ule mstari wa folda ya rangi na picha. Hasidi hana sababu, mwanangu. Rehema alipofungua, maandishi matupu yamerundikana, na pale pa mikeka pana viboksi vitupu. Mnunuzi akatazama saa, akasema kuna kikundi kingine anakwenda kukiona. Na Rehema alikuwa ameahidiwa kazi ya kudumu endapo oda ile ingepatikana. Akawa anabonyeza huku analia. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Bi Mwanaidi, mshonaji mkuu wa kikundi, kompyuta hakujua hata kuiwasha. Ila aliona wote wameinamia kioo, mimi nimekaa kitini wala sishangai. Mkeka unaujua: mmoja husuka ukili, ule utepe mrefu, na mwingine huziunga kili kwa kushona. Akanisogelea taratibu, akaniambia sikioni, "Mshonaji mwenye kijicho huugeuza ukili wa mwenzake, urembo ukatazama chini. Mwanangu, ugeuze urudi."

Nikaenda, nikaurudisha ule mstari mbele ya watu, nikasema ni mimi niliyeufuta. Kurasa zikajaa mikeka. Mnunuzi akakaa tena, akapitia ukurasa mmoja mmoja hadi wa mwisho, ambao sikuwahi kuuona. Palikuwa na picha yangu nimeinamia seva, na juu ya picha hiyo Rehema ameandika: "Bila dada yangu huyu, msingeona chochote."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kumbe kwa kuificha kazi ya Rehema nilikuwa nimejificha na mimi.

Basi wewe unayeshughulika na seva leo, jua kwamba ukifanya kazi yako vizuri, atasifiwa mwenzako. Itakuuma. Sikudanganyi, Rehema akisifiwa nami nipo, hadi leo kuna kitu hunichoma hapa kifuani. Umia, lakini mstari usiufute. Na siku ukisifiwa wewe, mtaje asiyeonekana.

Mola akujaalie mwenzi wa kazi kama Rehema, na akuepushe kuwa mimi wa asubuhi ile.