Uwanja Alioukata Fundi Filemoni

Msinisifie bustani ile ya pale chini ya soko la Iringa. Nyinyi mnaona maua. Mimi namwona Filemoni, na nikimkumbuka roho inanichafuka mpaka leo, uzee wote huu.

Filemoni alikuwa fundi cherehani, Mhehe wa upande wa Kalenga, Mlutheri asiyekosa kanisani. Cherehani yake ilikaa barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa, na baraza ile ilitazama uwanja. Uwanja wenyewe kiangazi vumbi, masika tope, lakini mji ulikuwa ukiishi pale. Mimi Siwema nilikaanga vitumbua vyangu pale, vya mchele wa Rujewa, siyo huu wenu wa siku hizi. Mwenzangu Lea aliuza ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kinyozi alikuwapo, wacheza bao walikuwapo, na Jumamosi jioni ngoma ilichezwa mpaka vumbi likaingia kwenye mafuta yangu. Nilifoka, nikawaita majina yote, lakini kuhama? Thubutu!

Filemoni hakuwa na maneno mengi. Ukimpelekea kitambaa hakushika futi haraka. Atakutazama kwanza, unakaaje, unatembeaje, bega lipi limelala. Ukimharakisha anakwambia, "Tulia dada, sijakuona bado," na wewe umesimama mbele yake kama mlingoti! Lakini gauni lake ukilivaa, unasahau kwamba umevaa.

Mtu mmoja tu alimfungua mdomo, naye ni Marcelino, Mngoni, karani wa ofisi ya mji. Hao walikuwa watani. Wahehe na Wangoni walichinjana enzi za mababu, baadaye wakabaki kutaniana, na hawa wawili waliufanya utani kama wanalipwa mshahara. Marcelino akitokea tu kwenye kona: "Mla mbwa! Mtumwa wangu! Nani kakupa ruhusa ya kukaa kwenye baraza za watu?" Filemoni, bila kuinua macho kwenye cherehani: "Babu yako aliiacha ngao yake kwetu siku alipotimua mbio. Njoo uichukue, tunafunikia vifaranga." Uwanja mzima hoi kwa kicheko.

Msidhani ilikuwa michezo tu. Mtoto wa kwanza wa Filemoni alipofariki, Marcelino ndiye aliyeshika jembe akachimba kaburi. Akawatukana wafiwa, akadai kuku, akajilaza kaburini akasema hatoki, mpaka mama wa mtoto, aliyekuwa hajafumbua kinywa tangu jana yake, akacheka huku analia. Ndugu wa tumbo moja hakufanya hivyo. Nakwambieni haya mjue ni mtu wa namna gani aliyefanya yale.

Mwaka wa hamsini na sita Marcelino akaja barazani, akakaa kwenye kigoda. Alisema wakubwa wanataka bustani katikati ya mji, mahali pa watu kupumzikia, na wanatafuta mtu wa kuwaonyesha ikae vipi. "Wewe umeutazama uwanja huu miaka nenda miaka rudi," akasema. "Nichoree."

Loo, mngemwona Filemoni! Alichukua yale makaratasi ya kaki anayokatia mitindo ya nguo, akayagundisha, akayatandaza sakafuni, akaanza kuchora kwa chaki ya kushonea. Akatuita tuje kuona, huku anatueleza. Watu wanakatiza hapa kutoka sokoni kwenda msikitini, basi njia ipite hapa hapa, msiwazungushe. Mabenchi yakae mawili mawili, yakitazamana, maana mtu haji mjini kutazama kisogo cha mwenzake, na migongo ielekee upepo wa Julai. Ngoma iwe kona ya chini, vumbi lisije kwenye chakula. Hapo nikampigia kigelegele. Na sisi wauzaji akatuchorea banda refu la nyasi upande wa juu wa njia, karibu na bomba la maji. Maua akayasukuma pembeni kabisa.

"Na ulanzi wangu je?" Lea akauliza.

"Hapa. Mbali na wacheza bao, maana wakishalewa wanaibiana kete."

Tulicheka sana siku ile. Mtu mzima nimekaa sakafuni, naonyeshwa mahali pangu katikati ya mji. Hakuna aliyewahi kunichorea mahali mimi.

Sasa kulikuwa na jambo moja. Ili wachimbe, uwanja uwe mtupu, maana yake tuondoke. Angekuja askari, wallahi tusingebanduka, tungelala pale pale na masufuria yetu. Marcelino alilijua hilo. Akamtuma Filemoni. Na Filemoni akatuzungukia nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, anapiga hodi hata kwa wale waliokuwa hawamjui jina. "Masika yakiisha mnarudi," alisema. "Banda lenu mmeliona. Neno langu hilo." Mimi nilikubali kwa sababu ya neno lake, siyo la ofisi. Sote tulikubali kwa hilo. Tukateremka Ipogoro, kule bondeni, kuwauzia makuli wa malori.

Siku ya kuhama Marcelino alipanda juu ya jiwe, mikono kiunoni, akapaza sauti: "Kwa herini, enyi wanawake! Hamrudi ng'o! Mtumwa wangu Mhehe amenifukuzia watu bila kiboko, na mimi kwa kazi hiyo napewa nyumba ya bati!"

Tukaangua kicheko. Filemoni naye, kajitwika sufuria langu kichwani, akamjibu, "Utapewa banda la kuku wewe!" Tukazidi. Ebo! Mtani akikwambia amekuuza, nani anashtuka? Hiyo ndiyo kazi yake. Hata angesema ametuchimbia kaburi tungempigia makofi.

Masika yale tulikiona cha moto. Ipogoro tope mpaka magotini, wateja wa kuviziana, Lea akapata kikohozi kisichosikia dawa. Filemoni alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada kututia moyo. Bado kidogo, akina dada. Mabenchi yameshawekwa, nimeyaona, yanatazamana.

Mvua zilipokatika tukapanda mjini. Tulijipamba, nawaambieni! Nilivaa gauni alilonishonea mwenyewe, karai kichwani, unga nimeshauumua tangu jana. Filemoni alitangulia mbele kama bwana harusi.

Na kweli bustani ilikuwapo. Njia zake zile zile. Mabenchi yake yale yale, migongo kwenye upepo. Bomba la maji lipo. Lakini kuizunguka bustani yote kulikuwa na waya wa seng'enge, na geti, na askari getini. Akatutazama na makarai yetu, akasema hapa hapauzwi kitu, hapapigwi ngoma, hapachezwi bao, na wenye mizigo hawaingii. Nikachungulia mahali pa banda letu. Maua! Wamepanda maua!

Lea hakusema na askari. Alimgeukia Filemoni. "Wewe ulikuja nyumbani kwangu," akamwambia. "Nilikukaribisha ukala."

"Kuna makosa," Filemoni akasema. "Ngojeni. Kuna makosa tu hapa."

Marcelino alikuwa mle ndani, suruali imenyooshwa, anawaonyesha wageni maua. Filemoni akamwita. Akaja mpaka getini, akasimama upande wake wa waya.

"Banda la akina mama liko wapi?"

"Banda gani tena?"

"Marcelino. Nakuuliza."

"Mbona niliwaambia?" Marcelino akasema, na uso hauna hata haya. "Nilisimama juu ya jiwe nikasema hamrudi. Watu wote walisikia. Mlicheka wenyewe."

Nikataka kumrushia karai. Nusura! Filemoni akanishika mkono.

"Ulijua tangu siku ile uliponiambia nikuchoree?"

Marcelino akatazama chini kidogo. "Nilijua. Walikuwa waondolewe, kwa heri au kwa kiboko. Nikaona kwa maneno yako ni afadhali. Hakuna aliyepigwa, Filemoni. Hata mmoja."

"Na nyumba?"

Nyumba ya bati alikuwa ameshahamia, tulikuja kuiona baadaye, na mapazia dirishani. Badala ya kujibu akatoa kile kicheko chake cha siku zote, akamsukuma askari pembeni. "Haya, mla mbwa, acha kununa! Ingia. Wewe nimekuombea ruhusa, wewe peke yako. Ingia uone kazi yako, mtumwa wangu!"

Hapo sote tukatega sikio, maana tulijua Filemoni lazima ajibu. Miaka yote ile hakuwahi kukosa jibu. Wacheza bao waliokuwa wamesimama barabarani wakasogea.

Filemoni akavua kofia.

"Nashukuru, bwana karani," akasema, taratibu, kwa adabu kabisa. "Sitaingia. Samahani kwa kukusumbua kazini."

Marcelino akacheka, lakini kicheko kikakatika njiani. "Bwana nani? Wee Mhehe, umeugua?"

"Mimi mzima, bwana karani. Nyumbani hawajambo?"

Kumbe kuna matusi makubwa kuliko matusi! Nilimwona Marcelino anabadilika rangi. Alishika waya kwa mikono miwili.

"Sema ngao," akasema, sauti ndogo. "Sema babu yangu alikimbia. Filemoni. Mbele ya watu hawa. Nitukane basi."

Filemoni akavaa kofia yake, akaliokota debe la ulanzi la Lea lililokuwa chini.

"Nitakutukanaje, bwana karani," akasema, "na mimi wewe sikujui?"