Mama Faida Iko

Mpaka sasa nakataa kuamini. Juzi tu nilimwona Mama Faida sokoni hapa Kisangani, amesimama kwa mguu mmoja nyuma ya meza yake ya vitenge, kama korongo, akisubiri wateja. Leo tumemzika.

Wengi mlimjua kwa vitenge vyake. Mimi nilimjua tangu miaka ya uhuru, alipokuwa muuzaji katika duka la Mhindi mmoja, Bwana Harilal, nami mwalimu kijana.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Bwana Harilal aliketi juu ya mkeka, miguu imekunjwa, akipumua polepole. Hiyo ndiyo yoga, alimwambia Mama Faida: unautuliza mwili hadi utambue kwamba wewe si mwili. Mwili ni nguo. Anayeivaa ni mwingine.

Mama Faida naye akaanza kuketi hivyo kila asubuhi, na wazee wa msikiti wakamwuliza kama ameacha dini. "Nasali swala tano, ba papa," akawajibu. "Hii iko kupumua. Ama kupumua pia iko haramu?"

Mimi nilikuwa na ugomvi mmoja tu naye: hilo "iko" lake. Kila kitu kwake kilikuwa "iko". Nikimsahihisha, anacheka: "Bon, Mwalimu, weye na ngeli zako!"

Uasi ulipofika mjini, miaka michache baada ya uhuru, Bwana Harilal alikuwa amekwisha kukimbia. Risasi zikalia upande wa uwanja wa ndege wa Simi-Simi, nasi majirani tukalala kifudifudi ndani ya duka lake tupu. Kifua kilibana, hewa haikuingia; nilijua nakufa.

Akanishika mkono. "Pumua, Mwalimu. Polepole. Mwili iko naogopa. Acha iogope. Weye haiko mwili."

Nikamjibu kwa shida: "Wewe... si... mwili. 'Haiko' ni kosa."

Alicheka hadi watu wakamziba mdomo. "Mutu anakufa, na bado anasahihisha!" Nikacheka nami, na pumzi ikarudi.

Miaka ya baadaye, mteja alipopekua vitenge vyote na kuondoka mikono mitupu, sisi tulikasirika kwa niaba yake. Yeye alivikunja upya, taratibu. "Kazi yangu iko kufungua kitambaa. Kununua, alors, iko ya Mungu."

Leo, tuliporudi kutoka makaburini, binti yake Faida aliniegemea begani akilia: "Mwalimu, mama haiko tena."

Nilifungua mdomo nimsahihishe, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Haisemwi "haiko"; husemwa "hayupo". Neno hilo ni sahihi kabisa, na halikunitoka.

Nikavuta pumzi polepole, kama mama yake alivyonifundisha sakafuni mwa lile duka. Kisha nikamwambia Faida: "Iko."

Wanafunzi wangu wa zamani mnaosoma hapa, sentensi inayofuata nimeiandika kwa makusudi.

Mama Faida, nguo umeivua, na weye iko. Pumua polepole huko uliko, ulale salama.