Neno Lililokaa Vidoleni

Hospitalini walimwita Bwana Funguo, na mwanzoni alilipenda jina hilo. Yeye ndiye aliyeifunga diski ya kompyuta kuu kwa neno la siri, ili hata mwizi akiibeba asisome maradhi ya mtu. Kazi safi. Ila kila umeme ulipokatika na kurudi, mashine iligoma kuwaka mpaka yeye aje kuliandika neno lile, na umeme wenyewe ulikuwa na vituko. Basi alipanga chumba karibu na hospitali, akala karibu na hospitali, na habari za likizo akazisikia kwa wenzake tu.

Mama yake, aliyeishi mji wa mbali, alipopangiwa upasuaji, alikataa katakata kuingia chumba cha upasuaji kabla hajamwona mwanawe. Ikabidi Funguo atafute mbinu. Alitengeneza faili la ufunguo, ili mashine ikiwaka ijifungulie diski bila kumngoja mtu. Faili akalificha mahali alipopaamini kuliko pote: ndani ya diski ileile. Mtu mzima na akili zake, anafungia ufunguo ndani ya nyumba! Na hakujaribu kuzima na kuwasha, asije akasimamisha kazi za watu.

Alikuwa kwenye kituo cha basi, sanduku miguuni, simu ilipoita. Ni muuguzi mkuu.

"Bwana Funguo, umeme ulikatika, sasa umerudi. Mashine inataka neno lako, na foleni imefika nje. Hebu nitajie."

Akafungua mdomo, neno halikutoka. Miaka yote vilivyoliandika ni vidole. Kichwa kilishalisahau zamani. Akagongagonga juu ya sanduku, akapata herufi za mwanzo, kisha akakwama.

"Dada, silijui."

"Hulijui vipi na unaliandika kila siku?"

Akamwandikia mdogo wake wa kike, aliyekuwa na mama, kuwa anarudi kazini, akabeba sanduku. Basi likaondoka bila yeye.

Mbele ya mashine vidole vikaliandika neno zima bila kumuuliza. Diski ikafunguka, wauguzi wakampigia makofi. Aliyachukia makofi yale. Simu ikaita tena, safari hii ni yule mdogo wake.

"Kaka, mama ameshaingia."

"Si alisema ananisubiri?"

"Nilimwambia umerudi kazini. Akasema nisikusumbue, una wagonjwa wa watu."