Kilo Nne Zilizomezwa na Mizani Yangu

Nilijiona mjuzi wa miili. Jioni nilifundisha timu ya raga hapa Muganza, wengi wao madereva wa malori na wakulima, na mchana nilinunua mpunga. Kazi zote mbili nilizifanya kwa jicho: namtazama mtu, nalitazama gunia, nataja kilo. Sikukosea sana, na nilipenda watu wajue hivyo.

Alipokuja kijana mmoja mpakiaji wa saruji, nilimpa mpira mara moja tu nikajua nimempata niliyemtafuta. Kwenye raga kuna mchezaji ambaye kazi yake si kukwepa watu, ni kupita katikati yao. Wengine humthamini kwa mbio zake. Mimi humpima kwa hatua tatu za kwanza baada ya kushika mpira. Siku ile wanaume wawili walimning'inia, naye akaendelea kutembea kama mama anayetoka sokoni na watoto wameshika kitenge chake. Nikasema moyoni, uzito unaomfaa ni kilo tisini na mbili. Chini ya hapo watamwangusha, juu ya hapo magoti yatalia.

Tukaenda ghalani kwangu kumpima. Mama yake alikuwepo, ameniletea mpunga. Mizani ikasema themanini na nane.

"Zimepungua nne," nikamwambia. "Kula."

"Kama ni chakula, Papa, mi nitamupa," mama yake akasema. "Huu mupunga nilikuwa nataka kuuzisha, ataukula."

Akajitwika gunia moja arudi nalo nyumbani. Hajafika barabarani, nikakumbuka. Mizani ile nilikuwa nimeichezea mwenyewe kwa bisibisi, ili imeze kilo nne kwa kila gunia la mkulima. Jicho langu halikukosea. Kijana alikuwa na tisini na mbili zake kamili.

Neno moja tu lingetosha kumwita. Lakini neno hilo lingewafikia wakulima wote wa bondeni, na wa kwanza kulisikia angekuwa yule mama. Nikamwacha aende na gunia lake. Nikajidanganya kwamba kilo nne si kitu kwa mwili mkubwa vile.

Baada ya miezi miwili mizani ikasema tisini na mbili, yaani alikuwa na tisini na sita. Nikampongeza, Mungu anisamehe. Kwenye mazoezi hatua yake ya tatu ilikuwa inachelewa, nami niliiona vizuri kabisa. Nikampanga hivyo hivyo. Tulipocheza na vijana wa Nyakarenzo alishika mpira, akageuka, goti likabaki nyuma. Hakuna aliyemgusa.

Nesi alilifunga goti, akamtazama tu bila mizani, akamwambia apunguze kilo nne, la sivyo asahau mpira na asahau kubeba saruji. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia mwingine, tena mwenye mke na mtoto wa kulisha. Kwa aibu nikachukua bisibisi ile ile, nikairekebisha mizani, nisimwambie mtu. Nilidhani toba inatosha kufanywa na bisibisi.

Mavuno yaliyofuata, mama yake akaleta mpunga tena. Nilipomsomea kilo, akacheka kwa furaha.

"Mwaka huu magunia iko mazito, Papa. Mungu ametukumbuka."

Nikajifanya natafuta kalamu.

Kijana alikuwa nyuma yake, anachechemea, mashavu yameingia ndani. Mama yake alinieleza kwamba kwa wiki nyingi anakula mara moja kwa siku, jioni, na kidogo tu. Akaniomba mwanawe apande mizani, maana anataka kurudi kazini. Sikupata sababu ya kumkatalia. Hata kabla hajapanda, nilimtazama nikajua amezimaliza zote nne.

Mizani, sasa kwa ukweli wake, ikasema tisini na mbili. Namba ile ile aliyoiona kabla goti halijaumia.

Aliisoma namba. Kisha akashuka taratibu, akiwa ameona haya mbele yangu, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

"Sijapunguka hata kidogo, Papa," akasema. "Nitapunguza kula tena."

Mama yake alikuwa ananitazama. Nikamwambia kijana ajitahidi.