Waliniambia nina jini, kumbe ni vilango vya moyo: yaliyonikuta nikiwa ndani ya arubaini

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine pia, natumai hamjambo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na nyumbani wameshachoka kunisikia. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Natamani ningekuwa natunga.

Mimi ni mshonaji, naishi Mbwajumali, kisiwa cha Pate. Mume wangu, nimwite Athman, ni mwalimu wa shule ya msingi. Tunakaa na mamake, Bi Rehema. Huyu mama nilikuwa namwogopa. Si mkali, ila ni mtu wa maneno machache, anakutazama mpaka unajiuliza umekosa wapi.

Nilijifungua salama, mtoto wa kiume. Bi Rehema akawa ananikanda kwa maji moto, ananipikia uji wa pilipili manga, mambo yote ya arubaini, zile siku arobaini za mzazi.

Siku ya ishirini hivi, baada ya swala ya adhuhuri, nilikuwa nimelala na mtoto ubavuni. Simu ilikuwa chini ya mto.

Ikalia.

Nakumbuka ule mlio tu. Nilipofungua macho, Bi Rehema alikuwa ananimwagia maji usoni na majirani wamejaa mlangoni. Nilikuwa nimejikojolea. Ulimi unauma, nimeung'ata. Nikauliza, "Mtoto yuko wapi?" Hakuna aliyenijibu haraka, na zile sekunde chache sitazisahau. Kumbe alikuwa kwa jirani, mzima.

Zahanati walinipima presha, sawa. Malaria, hakuna. Nikaambiwa huenda ni kifafa, tuangalie kama kitarudi.

Mtaani hawakungoja kirudi. Mzazi, ndani ya arubaini, amekakamaa macho yamepanda. Jini. Tukaitiwa mwalimu wa madrasa, akanisomea. Naomba nieleweke hapa, sidharau kisomo. Nilisomewa, nikatulia, na mpaka leo najisomea mwenyewe kila asubuhi. Lakini siku nne baadaye nilikuwa nanyonyesha mkekani, sinia likamponyoka mtu jikoni, likagonga sakafu.

Nikaondoka tena.

Safari hii mtoto aliniteleza mikononi. Aliangukia mkeka, hakuumia, ila tangu hapo sikuachiwa peke yangu naye. Hakuna aliyesema. Nilikuwa naona tu, nikishika mtoto, mtu anasogea.

Wakuu, sijui niwaelezeje hofu ya aina hii. Kuku akipiga kelele uani nashika ukuta. Mlango ukibamizwa natoa shahada. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilianza kumwogopa mwanangu mwenyewe, maana mtoto mchanga halii kwa ratiba.

Aliyenitoa kwenye giza lile ni Bi Rehema. Aliwaweka mwanawe na mimi chumbani, akafunga mlango taratibu, kwa mikono miwili.

"Athmani, nimeangalia. Mara ya kwanda ni simu. Ya pili ni sinia. Jini gani hili lenye kungoja kelele?"

Athman akasema, "Mama, zahanati wamesema kifafa."

"Zahanati hawakumuona. Mimi nimemuona. Shika ndia, mpeleke Amu."

Asubuhi yake tukaondoka, Bi Rehema amembeba mtoto. Mnaojua huku mnajua, hakuna pa kwenda bila boti. Mimi sikuwahi kuogopa bahari, siku ile niliogopa injini. Athman alimwomba nahodha aseme kabla ya kuiwasha, na ilipowashwa alikuwa amenibana masikio kwa viganja vyake, watu wote wanatutazama. Sikuona hata haya.

Hospitali huko Amu, yaani Lamu mjini, nikabandikwa waya kifuani, kile kipimo cha ECG. Hakiumi, dakika chache tu, mashine inatoa karatasi yenye mistari. Daktari kijana akaivuta ile karatasi, akachukua rula, akapima. Akapima tena. Akatoka, akarudi na mwenzake.

Wakaipima pamoja.

Tulivushwa kwa boti hadi bara, kisha tukapelekwa Mombasa kwa gari la wagonjwa, nimefungwa mashine njia nzima. Yule daktari kijana alimsihi dereva asiwashe king'ora hata msongamano uwe vipi. Bi Rehema alikaa pembeni na mtoto mapajani, akiniletea kila akitaka kunyonya.

Mombasa nilipokelewa na daktari wa moyo, mama wa makamo. Kabla ya kunieleza lolote aliniuliza, "Kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Au aliyezama ilhali anajua kuogelea? Au aliyeambiwa ana kifafa?"

Nikasema, yupo.

Nilikuwa na dada, nimwite Mwanaisha. Alifariki miaka sita iliyopita, amejifungua binti, hajamaliza arubaini. Alikutwa amelala, wakadhani usingizi. Watu walisema kijicho, wengine jini, tukazika.

Simu yake ilikutwa kando ya kichwa na missed call moja. Ile call ilikuwa yangu. Nilikuwa Amu kununua vitambaa, nikampigia kumuuliza mtoto ameamkaje. Haikupokelewa, nikasema nitapiga baadaye. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia yule daktari, mbele ya mume wangu na mama mkwe.

Hakuniambia pole. Alivuta kiti karibu akaanza kunieleza, nami nitawapa kama nilivyoelewa. Wataalamu mtanirekebisha.

Moyo unapiga kwa umeme. Kila chembe ya moyo ina vilango vidogo mno, vimejengwa kwa protini. Sodiamu inaingia kwa vilango vyake, chembe inawaka, moyo unajibana. Kisha potasiamu lazima itoke kwa vilango vyake, ndipo chembe itulie ijiandae kwa pigo lingine.

Mwili una maelekezo ya kuvijenga hivi vilango. Kwangu maelekezo yana kosa dogo, mfano wa herufi moja iliyokosewa kwenye neno. Protini inatoka na kasoro, vilango vya potasiamu havifanyi kazi sawasawa. Potasiamu inatoka polepole, kama watu wanaotoka msikitini Ijumaa huku mlango mmoja umekwama. Chembe inachelewa kutulia. Ule mstari waliopima kwa rula ulikuwa unaonyesha huko kuchelewa.

Siku za kawaida hujui lolote. Ila ukishtuliwa ghafla, mwili unamwaga adrenalini, ile homoni ya mshtuko, na chembe inaweza kuwaka tena kabla haijatulia. Hapo mapigo yanavurugika, moyo unatetema badala ya kusukuma damu, ubongo unakosa damu, unazimia. Mara nyingi moyo unajirudisha wenyewe.

"Na mara nyingine?" Athman akauliza.

"Mara nyingine haujirudishi," daktari akasema.

Akasema aina yangu inajulikana kwa kuamshwa na sauti za ghafla, na kwamba wanawake wenye aina hii huwa hatarini zaidi miezi ya baada ya kujifungua. Kuhusu Mwanaisha hakuthibitisha, maana hakupimwa akiwa hai. Alisema tu kwamba inalingana.

Kisha akasema, "Hili ni tatizo la jeni."

Bi Rehema akainua uso. "Daktari, na wewe wasema jini?"

Wakuu, tulicheka mpaka muuguzi akachungulia. Sikuwa nimecheka tangu siku ya simu. Daktari alimweleza taratibu kwamba jeni ni yale maelekezo tunayorithi kwa wazazi, na Bi Rehema akaitikia kwa kichwa. "Hilo sasa nalifahamu."

Nilianzishiwa dawa ya kutuliza moyo usiitikie adrenalini kupita kiasi. Nameza kila siku, na nimekatazwa kuiacha ghafla. Nimepewa orodha ya dawa za kuepuka, zimo baadhi ya antibayotiki, baadhi za malaria, za mzio na za kutapika, kwa hiyo siku hizi sinunui kidonge dukani bila kuuliza. Nikiharisha au kutapika sana nakwenda hospitali, maana potasiamu ikishuka hatari inapanda. Kama dawa haitatosha, kuna kifaa cha kupandikizwa kifuani.

Nilidhani hofu itaishia hapo, kumbe ilikuwa inahamia kwa wengine. Daktari alisema wazazi na watoto wapimwe, maana kila mtoto wa mwenye jeni hii ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Baba alishafariki. Akaja mama yangu pamoja na Rukia, yule binti wa Mwanaisha, ambaye mama ndiye anayemlea. Ana miaka sita.

Rukia anayo.

Mama anayo pia. Amezaa mara nne, hajawahi kuzimia hata siku moja. Daktari alisema inatokea, mtu anaweza kuwa nayo maisha yote isimguse.

Mama hakulia pale hospitali. Tulipofika nyumba tuliyofikia, akakaa kitandani na buibui lake bado mwilini, akaniuliza, "Basi ni mimi nilomuua Mwanaisha?"

Nikamwambia lile la simu, kwamba niliyepiga ni mimi.

Akasema, "Wewe ulimpigia ndugu yako kumjulia hali. Na mimi nilimzaa. Hapana aliyemuua." Akavua buibui, akamwita Rukia aje ameze dawa.

Sasa ni miezi saba, sijazimia tena. Simu zote za nyumbani ziko kimya na hazilali chumbani. Athman alizungumza na mwalimu mkuu wa shule yake, ambako Rukia pia anasoma, ile rimu ya gari iliyokuwa kengele ikahamishwa mbali na darasa la Rukia, na walimu wanajua la kufanya akianguka. Nasi nyumbani tumefundishwa kumkandamiza mtu kifua moyo ukisimama. Bi Rehema ndiye hodari kuliko sote.

Mtoto wangu alipimwa, mstari wake ukawa wa mashaka, haukusema ndiyo wala la. Damu yake imechukuliwa ipimwe jeni. Majibu hayajarudi. Kila akilala nainama nasikiliza pumzi zake, kisha nasikiliza tena.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akizimia ghafla kwa kushtuka, kwa kukimbia au akiogelea, msomeeni, mwombeeni, na mpelekeni ECG. Ukiambiwa kifafa, omba moyo nao uangaliwe. Na kaeni chini na wazee wenu muwaulize nani alikufa ghafla na alikuwa anafanya nini. Kwetu tulikuwa na jibu miaka sita, tukaliita kijicho.

Kama humu kuna mwenye hali hii, au mzazi aliyewahi kungoja majibu ya mtoto mchanga, niandikie hapa chini. Ulikuwa unalalaje?