Planeri Niliyoigeuza Mlango

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu akisikia hivi atanuna mpaka Jumapili, ni ile niliyopanda kwenye dari ya nyumba kuukuu ya wamisionari pale Murungu kung'oa mbao zilizoliwa na mchwa. Kaa vizuri, mwanangu. Mimi nikianza huwa nazunguka, lakini nafika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, seremala. Shule niliishia darasa la tatu, ila mikono yangu ilikuwa na akili, au niliamini hivyo. Kule darini, katikati ya mavi ya popo, nikakuta kifurushi kirefu kilichoviringishwa kwa turubai. Nikakishusha, nikakifungua. Ndani mlikuwa na mabawa mawili ya karatasi iliyochanika, kila moja urefu wa jembe na mpini wake, na kiwiliwili chembamba kama cha panzi. Chini yake kulikuwa na kikasha cha bati chenye antena ndefu na kitufe kimoja tu.

Watu wakajaa. Mmoja akasema ni cha kupimia mvua, mwingine akasema ni mtego wa popo. Mlinzi wa ile nyumba akasema, "Ondoa takataka hiyo, Gwasa, utatuletea mambo." Sikuitupa. Nikaifunga kwenye baiskeli, nikaipeleka Kumsenga kwa Mzee Anisethi.

Huyu Mzee Anisethi alikuwa Mrundi. Alikimbia kwao zamani, kabla Mtabila haijawa kambi ya wakimbizi, achilia mbali kufungwa, akapata shamba Kumsenga, na wajukuu zake leo ni Watanzania kama wewe. Kwao alikuwa mwalimu wa ufundi. Kwetu alilima maharage, na mkewe Mama Goreti akayauza. Mtu yeyote akiwa na kitu asichokijua, alikwenda kwake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kule hatukuona haya kuuliza.

Alikishika kile kitu kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto wa siku tatu. Akakisogeza karibu na uso, karibu mno, nikashangaa.

"Planeri," akasema. "Ee Imana. Planeri." Imana ndiye Mungu kwa lugha yao.

Akanieleza kwamba ni ndege isiyo na injini, inaegemea upepo kama mwewe, na mtu amesimama chini anaigeuza kwa redio. Mwalimu mmoja wa shule yake alikuwa nayo. Yeye Anisethi, mwanafunzi, ndiye aliyebeba bawa lake kupanda mlima, mara nne, na mara zote upepo ukakataa. Mara ya tano upepo ukakubali, na yeye alikuwa amelala na malaria. Alisimuliwa tu.

"Sijaiona ikiruka hata mara moja," akasema. Kisha, kama anayetaja bei ya chumvi: "Na macho yangu yanafungwa. Daktari wa Kasulu ameniambia ni presha ya macho, haina kurudi. Kiangazi hiki bado naona. Kijacho sijui. Nenda nayo, Gwasa, mimi nina mavuno. Usiiguse. Jumamosi ulete, tuisome kwanza, ndipo tuitengeneze."

Tuisome! Nilicheka moyoni. Nani anasoma mbao?

Sasa, mwanangu, nikwambie desturi yetu sisi maseremala wa huku. Sokoni Kasulu, mnunuzi haangalii kiti. Anakinyanyua kwa mkono mmoja. Kikiwa kizito anasema, "Hiki ni kitu." Kikiwa chepesi anakiacha, hata kiwe na urembo gani. Kwa hiyo sisi tulijifunza kwamba uzuri ni uzito. Mimi nilijulikana kwa vitanda vilivyohitaji wanaume wanne. Nikaitazama planeri ya mzee, ubao wake laini unaingia kucha, nikasema masikini, aliyeitengeneza hakuwa na mbao. Nitamfurahisha mzee. Jumamosi nitampelekea ikiwa tayari kuruka.

Nikang'oa ule uti mwepesi wa mabawa, nikatia mninga. Nikapigilia misumari. Mbavu za bawa la kulia nikazipiga msasa zikang'aa. Nilitaka kuzipiga na za kushoto, msasa ukaniishia. Juu nikavisha kitambaa kigumu, nikapaka rangi ya geti, bluu, mikono mitatu. Nilitaka sifa, nakiri. Siku hizi nikiona bluu ile kwenye geti la mtu naangalia pembeni.

Jumamosi nikafika Kumsenga nimejaa jasho na majivuno. Mama Goreti akatoka jikoni akifuta mikono, akanisalimu kwa Kirundi.

"Gwasa, mwakeye. Mlango wa nani huo?"

"Si mlango, mama. Ni planeri."

"Aa. Ndiyo maana sioni bawaba."

Mzee Anisethi akaigusa, akainyanyua, nikaona mabega yake yanashuka. Hata hivyo tulipanda mlimani, nadhani hakutaka kunihukumu bila ushahidi. Upepo ulikuwa mzuri, nyasi zinalala. Nikaitupa kwa nguvu zangu zote. Mwanangu, ilikwenda kama gunia la mahindi lililodondoka kwenye lori. Ilichimba shimo.

Mzee akapiga magoti, akapenyeza vidole kwenye bawa lililopasuka, akapapasa mbavu moja baada ya nyingine.

"Maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani, mzee?"

"Ya fundi."

"Kulikuwa na uchafu wa penseli. Niliusafisha."

Ningefurahi kama angenitukana.

"Weye Gwasa," akasema, "umeingia nyumbani kwa mtu naye hayupo, ukafagia mpaka jina lake. Na mlango unazuia upepo. Hii inauomba."

Majuto ni mjukuu, ila yangu yalikuja kijana kabisa. Maana nilielewa alichokuwa ananiambia bila kukisema. Kiangazi kile, pengine cha mwisho cha macho yake, kilikuwa kinaisha, na mimi ndiye niliyekimaliza.

Tukaanza upya. Bahati yetu ikawa uvivu wangu, lile bawa la kushoto ambalo msasa haukulifikia. Mzee akalisoma, nami nikakaa chini kama mtoto wa chekechea. Loo, yule mzee! Aliweka kidole kwenye mikato ya kisu akasema, "Huyu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Ona inavyolala." Akanionyesha namba za penseli, moja hadi nane, kila ubavu na namba yake. "Haikutoka kiwandani. Ameikata mwenyewe, akifuata ramani." Akakuta kipande cha ubao wa aina nyingine kimeungwa karibu na ncha. "Iliwahi kuruka, ikaanguka, akaiganga. Na akaipenda, maana kiungo hiki kimechukua siku nyingi kuliko bawa zima." Mwishowe akafika kwenye mstari mdogo chini ya bawa. "Hapa ndipo uzito wake unapotulia. Ukiiweka kwenye vidole viwili hapa, inakaa sawa kama mtu mwenye dhamiri safi."

Mtu ambaye hatukumjua jina wala uso, tukamjua mkono, subira na majuto. Tangu siku ile sijawahi kushika kiti cha fundi mwingine bila kukigeuza chini kwanza.

Mninga ukatoka. Ule ubao laini haupatikani kwetu, mzee akanituma nitafute umurinzi, mti mwepesi unaochanua maua mekundu, tuchonge uti na mbavu zilizovunjika. Wazee wetu hawautii motoni wala hawaukati ovyo, kwa hiyo nilikwenda kwa mwenye shamba, nikaomba, nikangoja mpaka tawi lianguke lenyewe. Wiki saba! Zamani ningelikata alfajiri nikajifanya sijui. Karatasi tulipata kwa karani, zile nyembamba za kuchapia nakala. Tukazibandika kwa uji wa unga wa muhogo, tukazinyunyizia maji kidogo, na zilipokauka zikakaza kama ngozi ya ngoma. Mbuzi wa Mama Goreti alinusa muhogo akala nusu ya bawa. Tukaanza tena. Mama Goreti akasema walau mbuzi wake ameshaonja anga.

Redio na kiwiliwili nikavipeleka Kasulu kwa Shabani, fundi redio, mtu wa maneno mengi lakini mkono mtulivu. Ndani ya kiwiliwili alikuta mtambo mdogo unaovutwa na mpira uliosokotwa, na mpira umeoza. Akakata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, akausokota. Akaweka betri za tochi. Bonyeza mara moja, usukani wa mkia kulia. Mara mbili, kushoto. "Ni kuku huyu," akasema Shabani, "ana akili mbili tu." Lakini nilimwona akitabasamu peke yake.

Huku nyuma, macho. Mwezi wa pili mzee alianza kumimina chai nje ya kikombe. Kabla ya Pasaka aliniuliza kama mawingu yamefunga, na jua lilikuwa linawaka. Niliongeza kasi, akanikamata mkono. "Pole pole. Haraka yako nilishaiona mara moja."

Kiangazi kiliporudi, planeri ilikuwa tayari, nyepesi kama kuku aliyenyonyolewa, imetulia kwenye vidole viwili pale pale kwenye mstari. Na Mzee Anisethi alikuwa haoni kitu.

Tulipanda hivyo hivyo, mimi nimemshika mkono, Mama Goreti kabeba bawa, Shabani na kikasha chake. Mzee ndiye aliyeuliza, "Kamba iko wapi?" Maana planeri hupandishwa kwa uzi mrefu wenye pete, pete inashika ndoano tumboni, na ikifika juu inajiachia yenyewe. Akasema, "Nipeni mimi."

Upepo wa Julai ulikuwa unapanda mlima kwa nguvu, mtu akisimama anaweza kuvuta planeri kama tiara. Nikaiachia. Uzi ukakaza mkononi mwake. Akarudi hatua moja, mbili, kichwa ameinamisha, anasikiliza kwa vidole. Mimi nilikuwa natazama juu, nikaona ile karatasi ya karani ikiangaza jua, mbavu zote kumi na sita za mabawa mawili zinaonekana, za yule mtu na zangu, huwezi kuzitofautisha. Kisha pete ikaachia. Uzi ukalegea, ukashuka juu ya mabega yake.

"Imekwenda," akasema.

"Imekwenda, mzee. Inazunguka juu ya mahindi. Shabani anaigeuza kulia."

"Usinisimulie, Gwasa. Nilishasimuliwa mara moja. Hii nimeishika."

Akacheka. Mama Goreti alijifunika uso kwa kitenge, na Shabani akabonyeza mara mbili, planeri ikageuka kushoto kurudi kwetu.

Mzee alinisamehe palepale, lakini mimi ile hesabu ya kiangazi kimoja naibeba mpaka leo. Planeri iko ukutani kwangu, wajukuu wa mzee huja kuirusha. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, walisema wahenga, nami naongeza kwamba kila ubawa una mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa kitu kikuukuu, randa ibaki kwenye kisanduku. Kigeuze, kipapase, umuulize aliyekitengeneza alitaka nini, hata kama amekufa, atakujibu kwa penseli. Usimwongezee mtu nguvu asizoziomba. Na ukiambiwa ngoja mpaka Jumamosi, ngoja, maana haraka yako inaweza kuwa inakula macho ya mwenzako.

Imana ikurinde. Ikupe mikono myepesi na masikio ya kusikia, na upepo wako ukija, ukukute umetulia kwenye mstari.