Mursik ya Kutuliza Hasira

Binti yangu wa mwisho ni kaunsela katika shule ya wasichana. Kazi yake ni kukaa na watoto wa watu wakilia, halafu anawafundisha kuzitaja hisia zao kwa jina. Mimi zangu nazijua kwa jina, na jina lenyewe ni hasira. Nilipomwambia hivyo alicheka, halafu akakunja uso, kwa sababu alikuwa amekumbuka koito ya kwanza.

Koito ni ile siku watu wa kijana wanakuja kwa watu wa msichana kuongea mambo ya ndoa. Wale wa kwanza walitoka upande wa Sigowet. Mjomba wao alimwangalia ng'ombe wangu, akauliza kama anakula au anangoja tu kufa. Nami nikamuuliza kama hiyo suti ni yake au ni ya marehemu. Walimaliza chai wakaenda, na kijana akaacha kupiga simu. Binti yangu alilia mpaka macho yakavimba. Lakini ile suti haikuwa yake, na hilo nitalisema hata mbele ya pasta.

Sasa walikuwa wanakuja wengine, kutoka Mogogosiek, na huyu kijana binti yangu alimpenda kabisa. Alikuwa anaosha vyombo akiimba, mtu ambaye tangu utoto alivichukia vyombo. Asubuhi ya siku yenyewe aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Mama, nakuomba. Hawa wakiondoka kama wale, mimi sileti wengine. Nitazeekea hapa na wewe."

"Kwani kuzeeka na mimi ni ugonjwa?"

"Umeona? Hiyo sasa. Hiyo ndiyo hasira, inapanda. Ikipanda usijibu. Jaza mdomo mursik, umeze polepole, ukimaliza ndio uongee. Mtu lazima ajitambue, Mama."

"Mimi najitambua vizuri sana. Hata kitambulisho ninacho."

Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mimi si jiwe. Nikakubali.

Na ukweli ni kwamba wazo lenyewe lilikuwa na akili. Ukiwa na mursik mdomoni, maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, mazito hivyo, huwezi kumtukana mtu. Ukijaribu utamchafua nguo. Nilikuwa nimetengeneza vibuyu viwili, kwa sababu kwetu mazungumzo yakiisha vizuri, wazee wa pande zote mbili wanakunywa mursik pamoja. Wasipokunywa, bado hamjakubaliana kitu.

Wageni wakafika. Wanaume walikaa upande mmoja wa sebule wakianza mambo yao ya ng'ombe, na mimi nikakaa karibu na kabati na mama ya kijana, vibuyu miguuni pangu. Alikuwa mama mnene, msafi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama anaenda vitani.

"Chamgei," nikamsalimia.

"Chamgei mising." Akachungulia dirishani. "Hiyo chai yenu imepanda sana. Ama huku hamkati?"

Ai! Shamba langu lilikuwa limechumwa juzi. Nikajaza mdomo. Nikameza polepole. Nikamwambia kwa sauti ya kanisani, "Huku kwetu chai inapata jua. Najua kwenu ni ukungu tu, hamwezi kuona hata ya jirani."

Yeye naye akainua kikombe cha mursik nilichompa, akanywa chote, macho yamefumbwa. Nikamwongezea. Nikajiambia, maskini, huyu ametoka bila kula.

"Mursik ni tamu," akasema alipomaliza. "Lakini mkaa ni kama ulipungua kidogo."

Mkaa! Mimi, ambaye mama yangu alinifundisha kusugua kibuyu kabla sijajua kusoma! Nikanywa kikombe kizima, nikaongeza kingine juu yake. Halafu nikamwambia mkaa mwingi hutumiwa na watu wenye vibuyu vyenye harufu. Akanywa. Akasema binti yangu ni mzuri, ila ana mikono laini, labda kwetu hatumfundishi kazi. Nikanywa. Nikasema mtoto wake ni mpole, lazima alifuata baba yake. Akanywa viwili.

Moyoni nilikuwa nasema, jameni, ulafi gani huu? Mama mzima anakunywa hivyo mbele ya wakwe! Tumbo langu wakati huo lilikuwa limekaza kama ngoma, na bado sikuona kitu. Nyani haoni kundule.

Wanaume wakamaliza. Walikuwa wamekubaliana, wakicheka. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mzee wetu, akaomba maziwa. Akainamisha kibuyu cha kwanza, kikatoa tone. Cha pili hakikutoa hata hilo.

"Nani amekunywa mursik ya koito?"

Mzee wao alifikiri tunawafukuza kwa adabu, akachukua kofia yake. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, akiniangalia mimi. Hasira ikanipanda, nikashika kibuyu, nikakumbuka hakina kitu. Haki ya Mungu, niliogopa. Ilibidi niongee na mdomo mtupu.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni mimi," akasema mama ya kijana, wakati huohuo.

Tukaangaliana.

"Kijana wangu alinikataza kujibu mtu," akasema polepole, jasho likimtoka. "Aliniambia nikisikia hasira ninywe. Alisema amefundishwa na mchumba wake."

Woi! Nilicheka mpaka nikashika kabati. Yeye akacheka akishika tumbo, akaniomba nimwonyeshe choo haraka. Mzee wao akarudisha kofia chini. Jirani akaleta kibuyu chake, wazee wakanywa, na ndoa ikakubaliwa.

Wageni walipoenda nilimkuta binti yangu jikoni akiosha vikombe.

"Mbona leo huimbi? Si umepata ulichotaka?"

"Nimepata, Mama," akasema, bila kugeuka. "Lakini nilifikiri nikiolewa nitatoka hapa. Kumbe naenda kwako tena."

Nikafungua kabati la jikoni kutafuta maziwa.